Kompyuta Isiyo na Skrubu

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Saa nne asubuhi, ndani ya boksi jeupe lisilo na doa. Kompyuta ya wataalamu. Nyeusi, inang'aa, ndogo kuliko mkate. Nimeiweka mezani peke yake, nikarudi nyuma hatua tatu niitazame vizuri. Nikaongeza mbili. Nikajigonga kwenye mlango. Haidhuru.

Miezi miwili nimekuwa nikimwandikia Mkurugenzi barua. Barua kumi na moja! Katika ile ya nane nilimwahidi kwamba studio yetu ya michezo ya redio itakuwa safi kama chumba cha bibi harusi, hautaonekana hata waya mmoja. Nadhani hiyo ndiyo iliyomlainisha.

Mambo yenyewe ni haya. Mkuu wa Studio anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kinatamaniwa na watu wawili. Wa kwanza ni mimi, mhariri wa sauti kwa miaka tisa. Wa pili ni fundi mitambo, ambaye sote tunamwita Bisibisi kwa sababu hajawahi kuonekana bila bisibisi nyuma ya sikio. Na Jumamosi hii, saa tisa alasiri, tunarusha sehemu ya mwisho ya mchezo ambao watu wameufuata mwaka mzima. Atakayeing'arisha sehemu hiyo ndiye bosi. Nani asiyejua?

Bisibisi alikuja kuiona. Akaizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Hakuisifu! Aliuliza tu kadi ya sauti nitaichomeka wapi. Nikamjibu kwamba wivu haujamjengea mtu nyumba. Akaondoka na kompyuta yetu ya zamani, lile kubwa tunaloliita Kabati, akilisukuma kwenye kigari cha mizigo mpaka chumbani kwake. Njiani alikuwa akilipangusa vumbi. Kwa upole! Mtu mzima!

Jumanne, 4 Machi

Kadi ya sauti ndiyo roho ya studio. Maiki zote kumi na sita zinapitia humo. Ina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Nimeipima na kompyuta mpya. Kadi ni ndefu kuliko kompyuta. Nimepima mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevua saa, isije ikawa saa ndiyo inayonidanganya.

Nikasema si kitu, nitaifungua nione ndani kuna nafasi gani. Sikuona skrubu. Nikaipindua. Hakuna. Nikazima taa, nikaimulika kwa tochi pande zote. Laini kama yai! Sijui hata walioitengeneza walitokea wapi.

Mchana nikaanza kazi na zile sauti zilizokwisha kurekodiwa. Nilipoweka mvua, nyayo na ng'ombe kwa pamoja, ikaniandikia kwamba memori haitoshi. Nikamtoa ng'ombe. Bado. Nikatoa nyayo. Nikabaki na mvua peke yake, inanyesha mahali pasipo na mtu.

Nimempigia muuzaji. Akanieleza, kwa fahari ya mtu anayesimulia harusi ya bintiye, kwamba memori imelehemiwa humo humo ili mteja asipate usumbufu wa kuiongeza. Nikamuuliza, na mteja akitaka kuiongeza? Akasema hapo ananunua nyingine. Memori nyingine? Hapana, kompyuta nyingine. Na kadi? Akasema nisihofu, lipo sanduku la nje la kuwekea kadi. Zuri sana. Litafika kesho.

Sijamwambia Bisibisi. Wala sitamwambia.

Jumatano, 5 Machi

Sanduku limefika. Ni kubwa mara mbili ya kompyuta. Lina feni yake, waya wake wa umeme, na skrubu nane. Nane! Nilikaribia kuzibusu.

Basi mpaka saa sita mezani palikuwa na kompyuta, sanduku la kadi, diski mbili za nje, kigawanyo cha matundu kwa kuwa matundu hayatoshi, kigawanyo cha pili kwa kuwa cha kwanza kina matundu ya umbo jingine, na adapta nne. Nimehesabu nyaya kumi na saba. Kompyuta yenyewe haionekani tena. Iko humo ndani kama kuku anayeatamia.

Saa saba Mkurugenzi akachungulia dirishani kwa furaha. Kesho analeta wafadhili waje waone studio isiyo na waya. Kumbe barua ya nane ameihifadhi!

Mpango: nimetoboa meza. Tundu moja tu, la ukubwa wa yai, na nyaya zote zimezama humo. Masanduku nimeyapanga chini. Kilichobaki ni kitambaa cha kuficha miguu ya meza, nacho nimekifuata nyumbani.

Mke wangu akaniuliza kitambaa chake cha sebuleni kinakwenda wapi. Nikamweleza yote, kitaalamu, bila haraka. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nimenunua punda halafu mzigo naubeba mwenyewe. Akaanza na ile methali ya uzuri wa mkakasi. Nikatoka kabla hajafika ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ndefu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Machozi, mwigizaji wetu mkuu. Ana uwezo wa kulia kwa jicho la kushoto tu, ukimwomba. Aliona kitu cheusi kizuri katikati ya meza tupu, akaweka juu yake kikombe chake cha chai. Nilipopiga ukelele, akaniomba radhi, akasema alidhani ni kigoda cha kikombe.

Wafadhili wakaingia watano. Mkurugenzi akanyoosha mkono kama anayefunua sanamu, akawaambia watafute waya. Wakatafuta. Hawakuuona! Lakini mmoja wao, mama mrefu mwenye miwani, akainua pindo la kitambaa. Akaliona sanduku la kadi na taa zake zinazomeremeta, akasema, "Kumbe ndiyo hii!" Mkurugenzi, ambaye hatofautishi kompyuta na jiko, akasema ndiyo hiyo hasa. Likatolewa, likawekwa juu ya kiti. Wakapiga nalo picha mmoja mmoja. Katika ya mwisho mimi nimelishika upande wa kulia, nacheka. Ningefanya nini?

Walipoondoka tukaanza kurekodi. Katika mchezo, mama mzazi anawaaga wanawe akiwa kitandani, kwa kunong'ona. Ndiyo kilele cha mwaka mzima. Mama Machozi akanong'ona. Na kompyuta ikapata joto.

Kwanza feni yake ililia kama mbu. Halafu kama nyuki. Alipofika kwa mwanawe wa pili, lilikuwa lori linalopanda mlima. Mwili wa mkate, sauti ya lori! Nikaipepea kwa karatasi za mchezo. Nikaweka barafu kwenye mfuko, nikaizungushia. Nikafungua dirisha nikataka kuitoa nje, waya haukufika. Mama Machozi amekufa mara saba leo. Mara ya saba alikufa vizuri ajabu, na lori linasikika katika kila neno.

Bisibisi alipita mlangoni mara mbili. Mara ya pili aliutazama ule mfuko wa barafu, akaenda zake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na wazo! Kelele zikikataa kutoka kwenye mchezo, mchezo na uingie kwenye kelele. Nimeongeza mstari mmoja tu. Kumbe jirani na mgonjwa kuna mashine ya kusaga unga. Anapoanza kuaga, anasema: "Jamani, huyu mwenye mashine hawezi kupumzika hata nikiwa nakata roho?" Uhalisia mtupu.

Mama Machozi aliusoma, akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "nimekufa kwenye redio mara thelathini na moja. Nimekufa kwa homa, kwa mapenzi, kwa kutumbukia kisimani. Sijapata kufa kando ya mashine ya unga."

"Ni uhalisia, Mama."

"Uhalisia wa nani? Sehemu hamsini na moja nimekaa nyumba hiyo hiyo. Hiyo mashine imeota lini, jana?"

Akakubali kurekodi mara moja, ili nisikie mwenyewe ubaya wake. Nikausikia. Kisha akachukua mkoba. Akasema mpaka saa sita nimpatie mahali pa kufia kwa amani, la sivyo anakwenda kwake na mtu mwingine afe. Ilikuwa saa tano na nusu.

Nilizunguka ua mara mbili. Nikaenda kwa Bisibisi.

Hakunicheka. Hilo liliniuma kuliko kuchekwa. Alifungua ubavu wa Kabati kama mtu anayefungua dirisha la jikoni, akaichukua kadi mkononi mwangu, akaisukuma ndani. Kop! Ikaingia kama mguu kwenye kiatu cha siku nyingi. Akavuta droo, akatoa memori mbili za mashine iliyokufa zamani, akazitia pia. Kop, kop. Dakika kumi hazikuisha, Kabati likawa limerudi studio juu ya kile kigari. Maiki kumi na sita, na ukimya ambao ndani yake nilisikia saa ya ukutani ikitembea.

Mama Machozi akafa mara moja tu. Alipofika kwa mwanawe wa mwisho, yule asiyerudi nyumbani, aliacha kunong'ona, akataja jina lake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita aje ale. Bisibisi alijifuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nililia waziwazi. Nakiri kwamba kwa muda nilikisahau hata kile kiti.

Kwa muda tu. Kisha nikakumbuka kwamba Mkurugenzi atataka kujua sehemu hii imetoka kwenye mashine gani. Nikamwambia Bisibisi amefanya kazi kubwa, aende akapumzike. Akaenda. Nikainakili kwenye kompyuta yangu, niitume kituoni kutokea huko, kwa heshima. Lile faili la mashine ya unga lilikuwa linaitwa "Mwisho". Hili jipya nikaliita "Mwisho kabisa". Kompyuta ikalalamika kwamba nafasi imejaa. Nikafuta la unga. Nikatuma lililobaki. Safi!

Jumamosi, 8 Machi

Niliwaalika majirani. Viti havikutosha, wengine wakakaa kizingitini. Mke wangu alileta chai. Saa tisa kamili nikaongeza sauti ya redio, nikakunja mikono kifuani.

Lori.

Lori linapanda mlima ndani ya sebule yangu. Halafu: "Jamani, huyu mwenye mashine..."

Kumbe la unga ndilo nililolituma! Kati ya "Mwisho" na "Mwisho kabisa" nilichanganya, nikafuta lile jingine. Majirani wakageuka kunitazama. Mke wangu hakugeuka. Aliitazama chai.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Machozi. Alipumua tu, na yule mama anajua kupumua. Ya pili ilikuwa ya Mkurugenzi. Nikaiweka chini ya mto, nikakalia mto. Ikaendelea kutetemeka chini yangu mpaka magharibi.

Jumatatu, 10 Machi

Jana sikuandika. Sikuwa na la kuandika.

Leo kikao. Mkurugenzi alisoma ripoti. Wasikilizaji wengi wamepiga simu. Wachache walilia. Wengi walitaka kujua huyo mwenye mashine ya unga ni nani na kwa nini hajakamatwa. Mwenye mashine mmoja wa kweli amekuja mwenyewe mapokezi kulalamika kwamba kazi yake imetukanwa. Nikasimama kueleza kwamba hiyo ndiyo nguvu ya sanaa. Nikaombwa niketi.

Kilichotuokoa ni kwamba rekodi safi ilikuwa bado imo ndani ya Kabati. Bisibisi aliileta mwenyewe jana asubuhi bila kuitwa, ikarushwa upya jioni. Nasikia watu waliegesha magari kando ya barabara ili walie vizuri. Nyumbani kwetu mke wangu aliisikiliza jikoni, mlango umefungwa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alinishika bega kidogo, akaenda kulala. Sijui alikuwa akimhurumia nani.

Basi Bisibisi ndiye Mkuu wa Studio. Alisimama, akashukuru kila mtu, nami pia, akasema bila mimi watu wasingejua kazi yake ni nini. Sijui kama lilikuwa tusi. Nilipiga makofi. Mikono ilipiga, moyo haukupiga.

Mama Machozi alinikaribia baadaye. Akasema hana kinyongo, mradi safari nyingine nimwache afe penye utulivu. Nikamwahidi.

Kompyuta imehamishiwa mapokezi. Kila mgeni anaisifu. Imezimwa tangu asubuhi na hakuna aliyegundua.

Mwisho wa kikao Mkurugenzi akasema kituo kinahitaji gari la kurekodia nje, la kubebea maiki, stendi, jenereta na watu wanne. Akauliza nani ataanza kulitafuta. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajameza mate! Bisibisi aliinua wake pia, lakini polepole, kama anavyofanya kila kitu.

Nimeshalipata. Saa ya chakula cha mchana nilipita dukani. Jekundu. Limelala chini kama paka anayenyemelea panya. Milango inafunguka kwenda juu! Viti ni viwili, na buti halina. Lakini nani anatazama buti kwenye gari zuri namna ile?