Lango la Kufuli Mbili

Nina furaha isiyo na kifani kuutangazia umma wa Isiolo kwamba uhasama kati ya Manispaa na Kamati ya Bonde la Mto umekwisha rasmi. Tumetia saini, tumepiga picha, tumekula pilau. Mimi, Warsame, Mratibu Mkuu wa Ushirikiano, ndiye niliyeshika faili.

Kiini cha ushirikiano wenyewe ni lango la chuma lililo kwenye tangi la mto, juu kidogo ya mji. Lango hilo moja hupeleka maji kwenye bomba la mji na kwenye mahori ya kunyweshea mifugo. Kwa miaka kumi na minne lilifunguliwa na mzee Halkano, ambaye Waborana humwita abba herega, yaani mpanga zamu za maji. Alilifungua kwa mkono, bila fomu, na hakuna mnyama wala mtu aliyekosa maji. Hali hiyo haikuweza kuachwa iendelee.

Tukaweka kufuli mbili. Ufunguo wa Manispaa uko mfukoni mwangu. Ufunguo wa Kamati uko mfukoni mwa mwenyekiti wake, Bwana Rimberia. Kufuli moja ikifunguliwa peke yake, lango halisogei.

Likabaki swali dogo la kiitifaki: nani amwandikie mwenzake barua ya kufungua lango kwanza? Anayeandika kwanza ameomba, na mwombaji siku zote ni mdogo. Rimberia alinisubiri. Mimi nilimsubiri. Tulisubiriana kwa heshima siku tisa.

Siku ya sita, Mumina, mfugaji wa mbuzi, aliingia ofisini kwangu pamoja na mzee Halkano.

"Salaam aleikum, Warsame. Mbuzi yangu mbili zimelala, haziamki. Zile zingine ziko na watoto, maziwa imekauka. Fungua hiyo lango."

"Waaleikum salaam, mama. Suala lako limepokelewa."

"Limepokelewa na nani? Hapa uko peke yako."

Nilimfafanulia kwamba suala limo katika ngazi ya mashauriano baina ya taasisi. Mzee Halkano akatazama chupa ya maji iliyokuwa mezani pangu.

"Hiyo nayo imeshauriana na nani?" akauliza.

Niliona haya, nakiri. Lakini haya haina fomu, kwa hiyo niliendelea na kazi. Wao wakaenda zao kwenye lugga, ule mkondo mkavu nyuma ya mji, wakafukua kisima cha zamani cha mchangani. Kilitoa maji kidogo, ya kushikilia roho tu.

Siku ya tisa maji ya akiba yakaisha, na bomba la mji likakata pumzi. Choo cha Manispaa kilitoa taarifa yake chenyewe, ikafika hadi ghorofa ya pili. Nyumbani, mke wangu Hamdia alinipa mitungi miwili ya plastiki na maneno machache: nisirudi na mitungi mitupu.

Pale luggani nilimkuta Rimberia, naye ana mitungi. Tuliamkiana kwa baridi. Tulikuwa wawili, funguo zilikuwa mbili, na lango lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini hakuna aliyekuwa ameandika barua.

"Zamu ya ofisi ni baada ya punda," mzee Halkano alitangaza. "Na hapa hakuna mtu anateka kama hajachimba. Hiyo ni sheria ya kisima. Toeni koti, muingie."

"Mimi ni mwenyekiti, mzee," Rimberia alisema.

"Vizuri. Wewe utakaa chini kabisa."

Mumina akanyoosha mikono. "Leteni hizo koti nishike, zisichafuke."

Nilishukuru. Ndiyo mara ya kwanza mwananchi kunihudumia wiki ile nzima.

Tuliingia. Rimberia alijaza ndoo tope, mimi nikaipokea na kuirusha juu. Mwanzoni tulizozana kuhusu kasi ya ndoo, kisha tukazoea. Napenda ieleweke kwamba huo ulikuwa ushirikiano wa hali ya juu, ingawa hapakuwa na mpiga picha. Tulichimba tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Tulipopanda juu, foleni haikuwapo. Punda hawakuwapo, mbuzi hawakuwapo, Mumina hakuwapo. Mzee Halkano alikuwa ameketi peke yake na makoti yetu, yamekunjwa vizuri. Nilipapasa mfuko wa koti langu. Mtupu. Rimberia akapapasa wake.

"Mumina alifungua lango saa nne," mzee alisema. "Mbuzi zimekunywa. Zile mbili pia zimesimama. Hata kwenu mjini maji iko."

"Saa nne!" Rimberia alifoka, tope likimdondoka masikioni. "Mbona hamkutuita?"

Mzee Halkano aliinama akachungulia kisimani, akaridhika na alichokiona.

"Kiangazi inakuja," akasema. "Hii kisima imekuwa inataka kuchimbwa miaka mitatu. Watu walikuwa hawapatikani."