Mkwe Wangu na Karai la Samaki

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu, tena pasta akiwa hapo hapo!

Mnajua maji ya kisima chetu hapa Kalamba ni ya chumvi. Samaki wangu ni uzao wa tatu sasa. Kila uzao, wanaovumilia chumvi ndio nawaacha wazae, maana uvumilivu huo watoto wanaurithi. Wamebaki kumi na wawili. Leo afisa wa samaki alikuwa anakuja kutoka Machakos kuwajaribu. Wakifa, dimbwi linafungwa.

Asubuhi nikawatia kwa karai kubwa la maji ya kisima. Nikaona chumvi haitoshi (kiburi hicho!). Nikaingia jikoni, nikachota mkebeni, nikamwaga, huyoo mbio barabarani kumpokea mgeni. Mke wangu alikuwa soko la Mbumbuni. Nyumbani alibaki mama mkwe peke yake. Na sisi Wakamba mnatujua: mimi na mkwe hatuangaliani, hatuongei. Neno lolote hupitia kwa mke.

Narudi na afisa, pasta na majirani. Samaki wanaogelea kwa raha zao. Nikavimba!

"Bwana Afisa, hawa chumvi iko kwa damu! Hebu onja hayo maji."

Akaonja. "Mzee, mbona haya ni matamu?"

"Haiwezekani! Pasta, onja wewe."

Pasta akamaliza kikombe (na samaki wamo humo karaini!). "Bwana asifiwe. Niongezee."

Watu wakaangua kicheko. Nikaonja mwenyewe. Matamu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo mama mkwe akatokea mlangoni pa jikoni, amenipa mgongo, anaongea na mbuzi:

"Wee mbuzi, mwambie huyo mtu alitia magadi, si chumvi. Samaki walikuwa wamelala ubavu. Nimewabadilishia, nimeweka maji niliyochota mtoni."

Aiii! Magadi ya kupikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa! Wangekufa wote, na jasho langu la miaka yote. Machozi yakanitoka, sifichi. Nikageukia ukuta: "Wee ukuta, asante sana. Mungu akubariki."

Afisa alicheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akapima chumvi kwa mkono wake mwenyewe, tukaanza upya na maji ya kisima. Kufika saa kumi jioni hakuna hata mmoja aliyekufa. Dimbwi halifungwi!

Haya, chekeni. Lakini mkikutana na mama mkwe, mshukuruni uso kwa uso, maana mimi siruhusiwi.