Koti Lililofukizwa Udi

Jumatatu, 4 Machi 2019
Mkuu wetu wa maabara, Bwana Ngwali, ametukusanya asubuhi huku akipiga chafya. Makao makuu wanamleta mpiga picha siku ya Alhamisi. Atamrekodi mfanyakazi mmoja akieleza maisha yake ndani ya kampuni, na dunia nzima itamwona. Mikataba yangu na ya Moza, mwenzangu wa maabara, inaisha mwezi huu. Nafasi ya kudumu ni moja. Nimewaza: uso ulioonyeshwa dunia nzima haufukuzwi.

Lazima niwe mimi. Mama nimeshamwambia nimeajiriwa moja kwa moja. Ameshasomesha maulidi. Kijiji kizima cha Pujini kimekula biriani ya uongo wangu.

Moza anacheka kwa kila kitu na watu wanampenda. Mimi nina kina. Kina hakionekani kwenye kamera.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwendea Bwana Ngwali kujitolea. Akaniuliza ninapenda nini kazini. Nikafikiri kwa uaminifu, muda mrefu. Nikamwambia tunasaga mwani wa Micheweni kutafuta dawa, tunautia kwenye mashine inayonusa kila kilichomo, mashine haijawahi kuona lolote jipya, na ukimya wake umenifunza mengi kuhusu maisha. Akanitazama. Akaniuliza kama nimekula.

Moza aliulizwa swali hilohilo. Akajibu chai. Wakacheka wote.

Basi nitang'aa kwa njia nyingine. Mgeni wa heshima hapokewi na nguo isiyofukizwa. Maabarani manukato ni marufuku kwa ajili ya mashine. Lakini udi si manukato, udi ni adabu. Nimelileta nyumbani koti langu jeupe na kulitandika juu ya chetezo cha mama. Kesho nalivaa kwa majaribio.

Jumatano, 6 Machi
Mashine imeona kitu.

Kwenye kioo, pale penye mstari uliolala siku zote, pameota kilima. Bwana Ngwali, na mafua yake, amepiga simu makao makuu kuwaambia dawa imeonekana. Nikanusa mkono wa koti langu. Nikanusa tena. Nilitaka kusema, wallahi. Lakini aliniita mwanangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimerekodiwa, kwa kuwa mwani wa jana niliusaga mimi. Mpiga picha ametoka Dar es Salaam, akasema hakujua kama mwani wa huku unanukia hivi. Nikaeleza mbele ya kamera kwamba hapa nimejifunza ukweli. Moza alishika taa.

Nilikuwa na furaha mpaka saa ya kutoka. Makao makuu wanataka jaribio lirudiwe Jumatatu, kwa mkono wa mtu mwingine. Yaani Moza. Na koti la Moza halinuki chochote. Nimekwisha.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwomba Moza koti lake nikampigie pasi. Akaniuliza, "Umeanza lini kunipenda, wewe?" Nikamwambia leo Ijumaa, natafuta thawabu. Akacheka, akanipa.

Mama akauliza koti la pili la nani. La mwenzangu, nikamjibu. Akaongeza udi, asije mtu akasema kwetu kuna uchoyo.

Jumatatu, 11 Machi
Bwana Ngwali amepona mafua.

Moza alipofungua mfuko niliomletea koti lake, mkuu alisimama mlangoni. Akavuta pumzi. Akaniuliza, "Bi Kazija, kwenu kuna harusi?"

Nikasema hapana.

"Basi anayeolewa ni mwani wa Micheweni."

Moza alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Ngwali hakucheka. Alivua miwani, akasema kwa sauti ndogo kwamba ameshampigia mama yake simu kumwambia dawa imepatikana mikononi mwake. Sikuwahi kufikiri kwamba naye ana mama.

Moza ndiye atakayebaki.

Ijumaa, 29 Machi
Siku ya mwisho. Filamu imetoka, hakuna aliyekumbuka kuizuia. Uso wangu mkubwa, koti jeupe, nasema hapa nimejifunza ukweli. Mimi ndiye sura ya kampuni ambayo leo nimeirudishia ufunguo wa kabati. Mama ameiona kwenye simu ya jirani. Anataka kusomesha maulidi ya pili. Sikumkatiza.

Moza alinisindikiza mpaka getini. Sikutaka. Akanipa habari: huko Wesha wamefungua karakana ya sabuni, wanatafuta mtu mwenye pua nzuri wa kutofautisha mafuta kwa harufu. Usaili Jumatatu. Akanishika mkono, akanisihi niende nimekoga tu, nisijitie chochote mwilini wala nguoni.

Ana wivu. Hataki ning'ae.

Nimelifikiria sana jambo hili njia nzima mpaka Pujini, na kosa langu nimeliona. Nilifukiza koti peke yake. Mama ameshatia makaa kwenye chetezo. Safari hii nafukiza na mtandio.