Punda Ameandikwa Vizuri Kuliko Mimi

Badawi wa Dawud,
Mchukuzi wa mizigo ya wageni,
Lamu.

Kwa Bwana Tevin,
Mwandishi wa maelezo ya zana,
Ofisi iliyo juu ya duka la dawa.

KUH: KUANDIKWA KWANGU VIBAYA

Bwana Tevin,

Assalamu alaikum, na kama salamu hii haikufai, chukua "habari za asubuhi" uniachie yangu. Natumaini joto letu limeanza kukuzoea.

Tangu nyumba za wageni za mji huu zimkabidhi kazi yule wakala wenu wa akili bandia, yeye ndiye anayepokea wageni na kutugawia kazi kwa simu. Mjukuu wangu Razan amenieleza kwamba wakala hana macho. Hamjui mtu wala mnyama. Anasoma tu yale uliyomwandikia wewe: zana fulani hufanya hivi, iite wakati huu. Nikamwomba anionyeshe nilivyoandikwa. Bwana Tevin, mimi na shule tuliachana mapema, kwa amani, lakini maneno mawili naweza kuyasoma. Umeandika: "Badawi: hubeba vitu."

Nina malalamiko yafuatayo.

1. Vitu gani? Mpaka wapi? Hukusema kwamba mimi na punda wangu tunaishia baharini. Jumatatu wakala aliniamuru nikachukue masanduku Mtangawanda, kwenye kisiwa kingine kabisa, na nilipofika gatini akazidi kunihimiza nisonge mbele. Nikasimama na punda, maji mbele yetu. Kamaludin wa Wiyoni, mchukuzi mwenzangu na mtu asiye na adabu, akauliza mbele ya watu, "Mzee Badawi, huyo mwenzio umemkatia tiketi, au atasimama?"

2. Punda umemwandika peke yake, kama zana nyingine, tena kwa ukarimu: "Punda: ana nguvu, mvumilivu, halalamiki, anajua njia zote za mji." Wakala akatulinganisha, akamchagua punda. Simlaumu, hata mimi ningemchagua. Lakini hukuandika kwamba punda haendi bila mimi, na penye namba yake ya simu ukaweka ya mke wangu, Bi Mardhiya. Sasa ujumbe ukiingia, Mardhiya hutoka barazani, majirani wote wakisikia: "Bwana Punda, waitwa! Shika ndia!" Na mimi huinuka nikashika njia.

3. Nikikataa kazi, umeniachia kitufe kimoja tu: "Imeshindikana." Hakina mahali pa sababu. Basi wakala, asiyejua kama nimekufa au nakula, hujaribu tena na tena, kama mtoto anayegonga mlango wa choo. Ijumaa iliyopita simu ilitetemeka mfukoni mwa kanzu hotuba nzima. Swala ilipokwisha, mzee aliyekuwa kando yangu akanipa pole ya homa.

4. Kwa kuwa sasa tumekubaliana kwamba kitu kisicho na maelezo hutumika vibaya, naomba uniandikie na Mardhiya. Nilimuoa bila maelezo yoyote. Mpaka leo sijui: akinyamaza, imefaulu au imeshindikana? Akisema "fanya upendavyo," hiyo ni ruhusa au ni onyo? Toa mifano, tena mingi.

5. Ukishamaliza Mardhiya, waandike waheshimiwa wetu, mmoja mmoja: anaitwa wakati gani, hufanya nini, akishindwa hujibu nini. Usiogope wingi wao. Kazi itakuwa nyepesi, kurasa nyingi zitabaki nyeupe.

Nisije nikaonekana mlalamishi mtupu, nimekuandalia mfano mwenyewe. Niandike hivi:

"Badawi. Mwite kwa mizigo ya kubebwa na punda, nchi kavu, ndani ya mji. Usimwite wakati wa swala, wala baada ya chakula cha mchana. Hapandi ngazi za orofa ya tatu, kwa sababu ya goti la kushoto. Punda haendi bila yeye. Akikataa, uliza sababu, usirudierudie."

Huo ndio ukweli wangu wote, na sioni utanidhuru vipi.

Msalimie mama yako huko bara, wasalimie wenzako wa ofisini, na wakala pia, kama umemwandikia jinsi ya kupokea salamu.

Ni mimi, kwa heshima na goti moja zima,
Badawi wa Dawud

Nyongeza: Barua hii Razan aliipiga picha akakutumia kabla sijapata bahasha, nawe, Mungu akubariki, ukaniandika neno kwa neno siku ileile, na punda ukamfuta. Tangu hapo simu yangu haijalia. Ya Mardhiya pia. Wakala sasa ananielewa sawasawa, na kwa kunielewa huko kazi zote anampa Kamaludin, ambaye bado ameandikwa "hubeba vitu," hana goti, hana mchana, hana bahari. Jana alinipita barazani na sanduku kichwani, anatweta, akasema, "Pumzika, mzee, wewe umeandikwa vizuri." Punda ananitazama mimi, mimi namtazama Mardhiya, na Mardhiya ananyamaza. Safari hii najua: imeshindikana.

Basi futa yote niliyokuomba. Mrudishe punda kama alivyokuwa, mwenye nguvu, asiyelalamika, na chini yake ongeza tu: "Huja na mzee." Hayo ya goti tuachie wenyewe nyumbani.