Hedwig Niliyemuua kwa Mdomo

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeua mtu. Kwa mdomo tu, lakini nimeua.

Kikundi chetu cha kusoma, nyumbani kwa Graciella hapa ugenini Ixelles, kina riwaya ya vitabu vinne: mapinduzi ya Wajerumani baada ya vita vya kwanza vya dunia, yale yaliyoshindwa. Vyote kwa Kifaransa, vinene kama tofali. Nani ana muda? Donc, basi, kila mtu anasoma kimoja, halafu anawasimulia wenzake kwa Kiswahili. Mimi nilidai cha tatu, kinene kuliko vyote, ili Abdallah asikipate. Nimesoma jalada la nyuma tu.

Nilianza vizuri. Baridi ya Berlin, risasi, foleni za mkate. Halafu Maman Tatiana akauliza: na Hedwig je? Hedwig mshonaji, kipenzi cha wote tangu kitabu cha kwanza. Sikujua! Nikisema yupo, ataniuliza yuko wapi. Nikasema kapigwa risasi darajani. Maman Tatiana, anayehudumia wagonjwa kutwa kule Jette, alilia mpaka miwani ikalowa. Abdallah akasema inna lillahi.

Wote wakanisifu. Prof Sudi huyo! Bujumbura nilifundisha miaka kumi na minne. Hapa nafagia ofisi Etterbeek. Kwa Graciella tu ndiko ninakoitwa Prof. Ningefanya nini?

Jumatano, 8 Oktoba

Abdallah kapiga simu. Kafungua kitabu cha nne. Ukurasa wa kwanza, Hedwig anakunywa supu! Nikamwambia hiyo ni kumbukumbu. Akauliza tangu lini kumbukumbu inalalamika chumvi imezidi. Nikasema Wajerumani ndivyo wanavyoandika. Akaguna, akakata.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mpango tayari. Nimemwandikia Abdallah kwamba kesho hakuna kikao, Graciella ana wageni. Nimewaandikia wengine kwamba Abdallah anaumwa mgongo. Safi kabisa! Bila Abdallah, marehemu atabaki marehemu.

Nimejaribu hata kukisoma kitabu chenyewe. Kurasa tisa. Usingizi.

Jumapili, 19 Oktoba

Laiti ardhi ingenimeza.

Maman Tatiana kaja na sufuria mbili na kitambaa cheusi kichwani. Matanga ya Hedwig! Sombe la majani ya muhogo, wali, maharage. Akatueleza kwamba mdogo wake alifariki Bujumbura mwaka juzi, na yeye hakuwa na makaratasi ya kusafiri. Hakupata kumlilia mbele za watu. Leo alitaka kuwalilia wote wawili. Na kwa kuwa matanga hayafanywi watu wakiwa nusu, asubuhi kampigia Abdallah, kampa pole ya mgongo, kamwomba ajikaze aje.

Akaja. Mgongo wima, kitabu kwapani! Akasoma kwa sauti. Supu. Chumvi. Hedwig mzima wa afya.

Maman Tatiana akaniuliza polepole kama kweli nilikisoma. Nikajibu kwamba nilikisoma kwa ujumla. Akasema yeye alilia kweli, si kwa ujumla. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Akavua kitambaa, akakikunja, akatupakulia. Na mimi pia, sahani imejaa. Akasema karibu, Bwana Sudi. Si Prof. Bwana. Nimerudi kwa miguu, nimepishana na mabasi matatu, nimeona haya hata kupanda.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemvizia Maman Tatiana akitoka kazini Jette. Nilitaka kuomba msamaha kwa heshima, nikaishia kulia mimi, mbele ya wauguzi. Akanipa kitambaa cha karatasi. Akasema bon, adhabu yangu ni hii: nikisome kitabu cha tatu chote mbele yao, ukurasa kwa ukurasa, kila Jumapili, nikitafsiri papo hapo. Nimeapa kwa jina la mama yangu kwamba sitaongeza wala sitapunguza neno. Na safari hii nimeapa kwa moyo.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimesoma kwa uaminifu kurasa thelathini. Thelathini! Halafu akasimama waziri mmoja kuhutubia. Nikafunua: bado anahutubia. Nikafunua tena: kurasa kumi na nne za hotuba! Graciella anapiga miayo. Maman Tatiana, katoka zamu, kichwa kimeanguka kifuani. Niliona aibu kwa niaba ya kitabu. Nikafunua ukurasa, sauti ileile, macho kwenye mistari, nikamwoza Hedwig.

Maman Tatiana akaamka na vigelegele! Akauliza bibi harusi alivaa nini, Prof. Prof! Nikasema hariri ya kijani, kaishona mwenyewe. Akafuta machozi, ya furaha safari hii. Jumapili ijayo analeta keki.

Aibu ninayo, tena kubwa, mpaka masikio yanawaka ninapoandika. Ila Abdallah alikuwa ameshaanza kupekua kitabu cha nne, akitafuta mume. Nikamwahi. Nikamwambia asijisumbue, mume alipanda meli kwenda Brazili kesho yake asubuhi.