Malalamiko Dhidi ya Sindano Yenye Ndoano

Mapendo, Goma, Jumatano asubuhi

Kwa Mama Masika, Mwenyekiti wa Shirika letu la parokia

Yahusu: kroshe, na uharibifu wake katika nyumba yangu

Mama Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja bila kumshitaki mtu yeyote, hata mkaguzi. Leo namshitaki mke wangu Micheline, Mama Igiraneza, ambaye tangu Jumapili yuko Ndosho kwa dada yake, yeye na kikapu chake cha nyuzi. Au tuseme simshitaki yeye. Naishitaki kroshe yake, ile sindano moja yenye ndoano.

Unavyojua, mimi ni mtu wa triko. Sindano mbili, kama masista walivyonifundisha nikiwa bwenini kule Rutshuru. Tangu nistaafu nafuma kola za sufu za kufunika shingo, zile ambazo vijana wa moto, wenye pikipiki za abiria, wanaziita cache-col, tena zenye misuko katikati kama nywele za msichana siku ya sikukuu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kroshe haijui mipaka. Kila kiti chetu kimevaa kitambaa. Redio imevaa. Hata thermos ina sketi ya marinda. Wiki iliyopita jirani yetu Papa Hitimana alikalia kitambaa, kikateleza naye mpaka sakafuni, kikombe cha chai mkononi. Alisema tu, "Mama, hii kiti yako iko inakimbia."

2. Kroshe inafundisha ubinafsi. Katika triko, vitanzi tisini na sita viko hai kwa pamoja kwenye sindano. Kimoja kikianguka, jamaa nzima inaumia. Hayo ndiyo maisha ya Kikristo. Kwenye kroshe kitanzi kimoja tu ndicho kilicho hai, vingine vyote vimekwisha kufungwa. Naomba katekista alichunguze jambo hili.

3. Mtu wa kroshe anainuka saa yoyote anayotaka. Mimi siwezi. Nikiwa katikati ya msuko, vitanzi vitatu vimesimama pembeni kwenye sindano ndogo, vinangoja zamu yao. Jumapili maharagwe yaliungua nikiwa katika hali hiyo. Nilimweleza mke wangu kwa utaratibu, hakuelewa. Ndipo nikasema mbele ya wageni kwamba kroshe ni matundu yaliyozungushiwa uzi. Lilikuwa neno la kitaalamu, si tusi. Yeye akachukua kikapu, akasimamisha moto barabarani, akapanda, akaenda.

4. Tangu hapo nyumba imepoa. Nakula mikate. Mjukuu wetu aitwaye Mimi ananiuliza kila asubuhi kama bibi amehama, nami, mwalimu mzima, namkatia mkate mwingine. Kosa hilo ni la nani? Ni la kroshe.

Kwa hiyo naomba Shirika liamue: wafumaji wa kroshe wakae karibu na mlango kwenye sala za Alhamisi; wachumba wote waulizwe wanatumia sindano ngapi kabla ya ndoa yao kutangazwa kanisani; na Mama Igiraneza aamriwe kurudi kabla ya Jumamosi, kroshe yake ibaki Ndosho milele.

Nisalimie Papa wa nyumbani kwako, watoto, wanakwaya wote, na hata Papa Hitimana kama mgongo umepona.

Ni mimi, mwanashirika mtiifu niliyeonewa,
Munyakazi Damien

Nyongeza: Mama Mwenyekiti, ngoja kwanza. Wakati natia sahihi, kitanzi kimechopoka kwenye msuko na kuteremka mistari kumi na minne. Dawa yake ni moja tu: sindano yenye ndoano, ikipandishe mstari kwa mstari. Nimekibana kwa vidole vya mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko umepinda. Kola yenyewe ni ya Micheline, ya misa ya asubuhi, kwa sababu baridi inamsumbua shingo. Na kusema kweli, miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa akiniokolea vitanzi, nami najifanya kusoma gazeti. Tafadhali, hayo ya juu usiyasome kwenye Shirika. Mwambie tu kwamba nimekosa na ninamkumbuka sana. Aje na kroshe yake. Akiisahau, aje hivyo hivyo.