Darasa la Pili Lachora Huzuni Yangu

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Miezi tisa tangu niombe uhamisho wa kumfuata mke. Kimya! Angela anafundisha Kapalamsenga, kule ziwani. Mimi niko Mwamkulu, vumbi mpaka kwenye meno. Nimemkumbuka mno. Tulionana mara ya mwisho Juni, na yeye ndiye aliyekuja. Leo kwenye simu kaniuliza tena naenda lini. Nikamwambia siendi kwa mke wangu kama mgeni, nitatokea na barua ya uhamisho mkononi. Simu ikakatika. Mtandao, bila shaka.

Lakini nimepata upenyo. Ijumaa Madamu Rozalia, afisa elimu kata, anakuja kukagua kusoma kwa ufahamu. Watoto wa darasa la pili wasome hadithi, kisha wachore walichoelewa. Nikimfurahisha, atanisemea kwa wakubwa.

Jumanne, 22 Oktoba

Majaribio. Hadithi ya fisi aliyeiba nyama. Ili nisibahatishe, nikamchora fisi ubaoni mwenyewe na kuamuru wote wanakili. Kosa! Nusu ya darasa ni watoto wa wafugaji waliohamia huku na mifugo yao. Hawawezi kuacha mnyama na kasoro. Wakamwongeza pembe, nundu na kiwele, na wenzao wakawaiga. Sasa nina ng'ombe arobaini na wawili wezi wa nyama.

Denis, mwalimu wa darasa la pili mkondo B, alichungulia dirishani akanipongeza kwa zizi. Mtu anapiga pasi mpaka soksi! Hana mke, hana mtoto, ana boksi zima la kalamu za rangi. Wangu wanachorea mkaa na vumbi la tofali.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeamka na akili. Fisi wa nini? Nimetunga hadithi yangu mwenyewe. Mwalimu Josephat anaishi mbali na mke wake. Kila jioni anasimama mlangoni kutazama barabara. Chakula hakipiti kooni. Swali: kwa nini Josephat ana huzuni? Watoto arobaini na wawili watachora huzuni, Madamu atalia, barua itatoka. Kwenye sentensi ya tatu nililia kidogo mimi mwenyewe.

Minza, binti wa mzee Nkwabi, akauliza kama Josephat ni mimi. Nikakana. Akasema mbona kila jioni ananiona na mimi nimesimama mlangoni. Nikamtuma akafute ubao.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nashika kalamu kwa shida.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Wa Denis walipaka rangi maridadi, lakini walipoulizwa hadithi yao inahusu nini, wakatazamana. Hee! Wangu walichora machozi makubwa kama maembe. Madamu akatikisa kichwa kwa huruma. Nikaanza kusikia harufu ya dagaa wa Kapalamsenga.

Ikafika zamu ya Minza. Mwanamume mlangoni. Barabara. Na barabarani, basi. Madamu akauliza hilo basi la nini. Minza akasema linakwenda kwa mke wa Josephat, linapita kila siku. Madamu akauliza, sasa mbona hajalipanda? Minza akasema hadithi haijataja, ila yeye anaona huyu mtu anapenda kusikitika kuliko anavyompenda mkewe. Baba yake alitembea na ng'ombe kwa miguu kutoka Shinyanga mpaka huku, wiki na wiki. Huyu anashindwa kukaa kwenye kiti cha basi?

Darasa zima likacheka. Masikio yakaniwaka.

Madamu Rozalia akapiga makofi. Mtoto wa miaka minane anasoma hata yasiyoandikwa! Akanishika mkono akasema mwalimu wa namna hii kata haimwachii, leo leo anawaandikia wakubwa nisiguswe. Na kwa kuwa Kapalamsenga wanalia hawana walimu, atampendekeza Denis, maana hana familia ya kumzuia.

Nilikaa kwenye dawati la mtoto mpaka kengele ya kutoka.

Jumamosi, 2 Novemba

Barua ya Denis imetoka kwa wiki moja! Dunia haina haki. Nimemsindikiza stendi ya Mpanda, begi lake begani mwangu. Kondakta akaniuliza kama napanda, nafasi ipo. Nikamwambia nina kazi.

Ila sikuzubaa. Nimempa Denis kilo tano za mchele ampelekee Angela, na nikamwomba apite kwake kila jioni, mke wangu asije akawa mpweke. Akakubali hata sijamaliza kusema. Kumbe ni kijana mwema.

Jumapili, 3 Novemba

Ujumbe wa Angela. Mchele umefika. Denis ni mchangamfu, na kesho baada ya kazi atamrekebishia paa kabla mvua hazijachanganya. Anauliza, kwa mara ya mwisho, naenda lini.

Moyo umeniuma. Kulirekebisha lile paa ni kazi yangu. Natamani kuisikia sauti yake chumba cha pili akiniita nikale.

Nimemjibu avumilie kidogo tu, safari hii mpango haukosei. Kuanzia kesho nafundisha vibaya. Ikifika Desemba hakuna mtoto atakayeelewa hata jina lake, na Madamu atanifukuzia ziwani kwa mikono yake mwenyewe. Minza nimempangia dawati la nyuma kabisa.